Usukani wa Kuazima

Neno usukani lilizaliwa baharini. Lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya ule ubao unaofungwa nyuma ya chombo ili nahodha akielekeze apendako, na kwa karne nyingi halikuwa na maana nyingine. Baadaye likapanda bara pamoja na lugha yenyewe, na motokaa zilipokuja likahamia ndani yake bila kugeuzwa hata silabi moja. Sisi wa Karagwe, ambao maji yetu ni Mto Kagera na maziwa madogo yaliyojificha mabondeni, hatukuwa na majahazi. Mtoto wa Rugera alilijua neno usukani kwa kuliona gurudumu jembamba jeusi mikononi mwa dereva, na pengine akaishi hadi uzeeni asijue kwamba neno hilo liliwahi kulowa maji ya chumvi.

Naanzia hapo kwa sababu habari ninayotaka kumsimulia msomaji ni ya kuhamisha kitu kutoka pake pa asili na kukitia pengine, na kuuliza ni lini jambo hilo ni busara na ni lini ni hatari. Kitu chenyewe ni sanduku la usukani la gari kuukuu. Huenda mtu akasema hayo ni mambo madogo ya gereji, yasiyofaa kuandikiwa kurasa. La hasha. Injini ikizimika gari husimama, na abiria hushuka wakanung'unika. Breki zikishindwa, dereva bado ana gia, ana breki ya mkono, na mwisho kabisa ana kingo ya barabara ya kuegemea. Lakini usukani ukikatika, dereva hubaki ameshika gurudumu lisilo na habari na magurudumu ya chini. Hapo yeye naye amekuwa abiria.

Gari lililotufundisha somo hili ni Land Rover. Kampuni ya Rover ya Uingereza ililionyesha mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, vita vikuu vikiwa vimekwisha miaka mitatu tu. Chuma cha bati kilikuwa adimu, ndiyo maana mwili wake ukatengenezwa kwa alumini. Haikuchukua muda mrefu likafika Tanganyika, likawa gari la bwana shamba, la bwana afya, la misheni na la mkuu wa wilaya. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, na la tatu likaanza 1971 na kuendelea hadi 1985. Watu wa kwetu walilipenda kwa sababu mbili. Kwanza, lilipanda mahali ambapo magari mengine yaliomba radhi. Pili, mtu mwenye spana chache na subira nyingi aliweza kulifungua lote na kulifunga tena.

Hata hivyo, kufungua na kufunga si kutengeneza. Kutengeneza kwataka vipuri, na vipuri vyataka njia. Tangu reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, mzigo wa kutoka Dar es Salaam uliweza kuja kwa treni, ukavuka ziwa kwa meli hadi Bukoba, kisha ukapanda lori kupitia Kyaka kuja Karagwe. Njia ya pili ilitoka Nairobi hadi Kisumu kwa reli, kisha kwa meli hadi Bukoba. Kampala nayo haikuwa mbali. Kwa mtu wa Karagwe, kusema kweli, maduka ya Kenya na Uganda yalikuwa karibu kuliko ya mji mkuu wetu wenyewe. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland kilianzishwa Thika, na Land Rover zikawa zinaunganishwa huko huko Kenya. Fundi aliyetaka beringi aliandika barua, akasubiri, na beringi ikaja.

Kisha milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoani kwetu, na mwezi uliofuata daraja la Kyaka likabomolewa. Vita viliendelea hadi mwaka 1979. Magari ya raia, malori kwa mabasi, yalichukuliwa kwenda kubeba askari na mizigo, na yaliyorudi hayakurudi kama yalivyokwenda. Vita vilipokwisha nchi ilikuwa imekauka fedha za kigeni. Petroli ilipatikana kwa kibali, na magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri. Vipuri viliagizwa na mashirika ya umma, navyo vilipofika Bukoba, kama vilifika, vilikuwa na wenyewe.

Basi ni katika miaka hiyo, kati ya 1977 na 1984, ndipo ulipozaliwa ufundi ninaouita ufundi wa kuazima. Gari moja lililokufa lilikuwa duka la vipuri la magari matano yaliyo hai. Mtu alijua kwamba misheni fulani ina mzoga wa Land Rover nyuma ya zizi, kwamba bomani kuna nyingine isiyo na injini, kwamba kule Nyakahanga kuna mhimili wa nyuma umelazwa kwenye nyasi. Mafundi walikuwa na ramani ya mizoga vichwani mwao, kama wafugaji wanavyojua visima.

Ili msomaji aelewe ugumu wa kazi hii, yafaa tulifungue hilo sanduku pamoja. Ukizungusha usukani wa Land Rover ya zamani, unazungusha chuma kirefu ambacho mwisho wake umechongwa kama parafujo nene. Juu ya parafujo hiyo imevaa nati kubwa, na kati ya nati na parafujo zimepangwa gololi za chuma, zinazobingirika mfululizo na kurudi zilikotoka kwa kijia maalumu. Usukani ukizunguka, nati hupanda au hushuka. Nati ikitembea, husukuma shafti fupi iliyolala kwa upande, nayo shafti hugeuka kidogo. Nje ya sanduku, kwenye ncha ya shafti hiyo yenye meno, umefungwa mkono wa chuma unaoning'inia, ambao mafundi huuita pitmani. Mkono huo husukuma fito hadi mbele ya gari, kwenye kiungo kingine chenye springi kali ndani yake, na kutoka hapo fito nyingine huenda kwenye magurudumu. Hiyo ndiyo safari ya amri ya dereva kutoka kiganjani hadi ardhini. Vituo ni vingi, na kila kituo kinaweza kuliwa.

Jambo la kwanza walilolitambua mafundi wetu ni kwamba sanduku halilikii sawasawa. Gari hutembea zaidi likiwa limenyooka kuliko likiwa limekata kona. Kwa hiyo parafujo na nati huliwa katikati, na miishoni hubaki nzima. Dereva akilalamika kwamba usukani unacheza, fundi asiye na uzoefu hukaza skrubu ya marekebisho iliyo ubavuni mwa sanduku. Mchezo huisha kweli, gari likiwa limenyooka. Lakini likifika kwenye kona kali, pale ambapo chuma bado ni kinene, usukani hukaba kama mlango uliovimba kwa mvua, na dereva asiyelijua hilo hujikuta akipigana na gari katikati ya mteremko. Ndiyo maana wazee wa kazi walisema kwamba skrubu hairudishi chuma kilichokwisha kuliwa. Huwezi kukaza ukapata ujana.

Ilibidi basi kukusanya. Ganda la sanduku lilitoka gari moja, parafujo na nati yake gari la pili, shafti gari la tatu. Kazi hiyo ilikuwa na kanuni zake, nazo hazikuandikwa mahali popote. Parafujo na nati havitenganishwi, kwa sababu vimeliwa pamoja na kuzoeana. Ukimwazima mmoja, mwazime na mwenziwe. Gololi zote ziwe za kimo kimoja, maana moja ikiwa kubwa kuliko wenzake itabeba mzigo wote peke yake na kuchimba njia. Bushi iliyokwisha inaweza kuchongwa upya kwa shaba nyeusi, ikiwa kuna mwenye mashine. Karatasi ya kuzibia kifuniko yaweza kukatwa kutoka jalada la daftari au mfuko wa saruji, bali unene wake lazima upimwe, kwa kuwa unene huo ndio unaoamua kama shafti itabanwa au italegea. Na sili ikivuja, usijaze grisi mahali pa oili ukadhani umeponya. Grisi husukumwa pembeni ikakaa huko, na gololi zikabaki zinasaga kavu.

Nimepata kusimama saa nyingi kando ya kazi hiyo, nikiwa mwalimu kijana, katika gereji isiyo na ukuta chini ya mikalitusi ya kwetu Rugera. Kilichonishangaza ni ukimya wake. Injini hutengenezwa kwa makelele na mabishano. Sanduku la usukani hutengenezwa kwa vidole. Fundi alifumba macho, akazungusha parafujo polepole, akasikiliza kwa mkono. Aliweza kukuambia kwamba gololi moja ina kovu kabla hujaiona.

Watu husema kwamba ufundi wa vyuma uliletwa kwetu na motokaa. Historia yakataa. Mkoa wa Kagera ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki zenye ushahidi wa kale sana wa uyeyushaji wa chuma, wa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Mwaka 1978, mwaka ule ule wa vita, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi yao na wazee wa Kihaya, majirani zetu, ambao walijenga upya tanuri za jadi na kutoa chuma mbele ya macho yao. Wataalamu hao walieleza kuwa hewa ya mivuo ilipata joto ndani ya mirija ya udongo kabla ya kufika motoni, na kwamba tanuri hizo zilitoa chuma chenye kaboni, yaani feleji. Juu ya habari ya hewa hiyo wapo wataalamu wengine waliobisha, na mabishano yao yaliendelea kwa miaka mingi. Lakini kwamba wazee wetu walijua kupika chuma, hilo halina mbishi.

Na kwetu Karagwe chuma kilikuwa kitu cha ikulu. Huko Bweranyange, makao ya wafalme, miongoni mwa alama za enzi zilikuwamo nyundo za chuma, mikuki ya chuma, na sanamu za ng'ombe za chuma zenye pembe ndefu. John Hanning Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861, alikuta dola lenye mawasiliano na wafanyabiashara wa pwani waliokaa Kafuro. Na lugha ninayoiandikia sasa ilianza kusikika katika nchi yetu kupitia watu kama hao. Mfalme mwenye nyundo! Tafakari jambo hilo, msomaji. Wahenga wetu walielewa kwamba anayejua kugeuza chuma ana mamlaka juu ya uhai, kwa maana kutoka mkononi mwake hutoka jembe na hutoka mkuki, na moto ni mmoja.

Elimu kubwa ya mhunzi ni kwamba chuma hukumbuka moto. Kikipashwa na kuzamishwa ghafla, huwa kigumu. Kikipashwa tena na kuachwa kipoe chenyewe, hulainika. Vipande viwili vinavyofanana kwa sura vinaweza kuwa na tabia mbili tofauti kabisa, kwa sababu ya jinsi vilivyopozwa. Kumbuka neno hilo, kwa kuwa ndilo lililoamua mambo katika kisa hiki kifuatacho.

Mwaka 1982, msimu wa kahawa, baba yangu mdogo alikuwa na Land Rover ya toleo la pili aliyoinunua mnadani. Ilikuwa ndiyo ng'ombe wake wa maziwa: ilibeba magunia, ilibeba wagonjwa, ilibeba maharusi. Siku moja aliipeleka gereji kwa ajili ya sili tu. Fundi, kama ilivyokuwa desturi yake, alifungua ule mkono wa usukani, akauosha, akauloweka katika mafuta ya taa, akaufuta hadi ukakauka, kisha akaupaka chokaa. Tukangoja. Baada ya muda, juu ya weupe wa chokaa, ukajichora mstari mwembamba wa unyevu karibu na tundu la meno. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye ufa usioonekana kwa jicho, na sasa yalikuwa yanatoka.

Baba mdogo aliutazama ule mstari, akasema, "Fundi, magunia yako nje na watu wananingoja. Chomelea, nami nitakwenda polepole."

"Mzee, bodi nitakuchomelea," fundi akamjibu. "Bampa nitakuchomelea. Hata chesisi nitaitia bamba. Huu hapana."

"Una tofauti gani? Si chuma vilevile?"

"Bodi ikikatika utaisikia inapiga kelele, utasimama. Huu haupigi kelele, mzee wangu. Na nikiutia moto, ule ugumu waliouweka kiwandani unaondoka. Utakuwa mzuri machoni, mwezi mmoja, miwili. Kisha siku utakayokuwa unashuka na watu nyuma, ndiyo siku hiyo."

Yalikuwa maneno mazito kuambiwa mtu mzima mbele ya mtoto wa kaka yake. Baba mdogo aliondoka bila kuaga. Gari lilikaa juu ya mawe wiki baada ya wiki, na magunia yakabebwa na watu wengine, na fedha ya msimu ule ikaenda kwa watu wengine. Nyumbani kwake ada za shule zilichelewa, na lawama zote zilimwangukia fundi. Kulikuwa na wachomeleaji wengine, tena walio tayari; lakini kwa namna asiyopenda kuieleza, baba mdogo hakuwapelekea ule mkono. Hatimaye ulipatikana mwingine katika mzoga upande wa Bukoba. Nao ukapita kwenye mafuta ya taa na chokaa kabla haujafungwa.

Ule wa zamani fundi aliubana kwenye jiliwa mbele yetu sote, akaupiga nyundo. Ukakatika kwa pigo la pili. Akatuonyesha mahali palipovunjika. Sehemu ndogo iling'aa kama fedha mpya, hiyo ndiyo iliyovunjika wakati ule. Sehemu kubwa, zaidi ya nusu, ilikuwa nyeusi kwa uchafu na kutu ya siku nyingi. Kwa muda wote ambao tulikuwa tukipanda gari hilo na kuimba, tulikuwa tumebebwa na ile sehemu ndogo inayong'aa. Baba mdogo alikipokea kipande, akakigeuzageuza, akakitia mfukoni. Siku hiyo walikunywa chai pamoja.

Tangu mwaka 1984 mambo yalianza kulegea. Bajeti ya Juni mwaka huo iliwaruhusu wenye fedha zao nje ya nchi kuingiza bidhaa, na madukani vikaanza kuonekana vitu ambavyo vijana hawakuwahi kuviona. Miaka kumi baadaye, 1994, mauaji ya kimbari ya Rwanda yaliwaleta wakimbizi kwa maelfu mengi katika wilaya za Ngara na Karagwe, nao wakakaa hadi Desemba 1996. Pamoja na huzuni ile kubwa, ambayo si ya kuipitia haraka katika habari ya magari, yalikuja pia magari: Toyota Land Cruiser nyeupe za mashirika ya misaada, na magari ya watu waliokimbia nayo. Mengine yalichakaa na kuachwa, na mizoga mipya ikaongezeka kwenye ramani ya mafundi.

Hapo likaja fumbo jipya. Rwanda magari hupita kulia mwa barabara, na usukani uko kushoto; kwetu ni kinyume chake. Sanduku la usukani si bushi wala taa, ambayo utaigeuza upande wowote. Ganda lake limeumbwa kwa upande wake, na kisha kuna jambo la hatari zaidi. Ukichukua sanduku lililokusudiwa mkono wake utazame mbele, ukalifunga katika gari ambalo mkono hutazama nyuma, waweza kufanikiwa kufunga kila bolti, na gari likawaka, na likatembea. Ila ukikata kulia litakwenda kushoto. Kwa hiyo fundi mwenye akili alipima kabla ya kufunga: gari likiwa juu ya jeki, usukani huzungushwa kulia, na mtu wa pili huita magurudumu yanakoelekea. Ndipo huhesabiwa mizunguko ya usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, ikagawanywa kwa mbili, na mkono ukafungwa kwenye jino lile linaloangukia katikati. Ukikosea jino moja, gari litakata kona upande mmoja vizuri na upande wa pili nusu.

Land Rover ya baba mdogo iliishi kuyaona hayo yote. Katikati ya miaka ya 1990 injini yake ya asili ilikufa, ikatiwa injini ya dizeli ya Toyota yenye pampu ya haidroli, na kwa kuwa pampu ilikuwapo, likaja wazo la kuitia usukani mwepesi wa Toyota. Fundi alikuwa yule yule, sasa mvi zimemjaa. Kazi ilimchukua zaidi ya mwezi, na sehemu kubwa ya mwezi huo hakushika spana, alipima. Mahali pa kufungia sanduku jipya alipaongezea bamba, na ndani ya chesisi akapitisha mirija migumu ya chuma ili bolti zikikazwa zisiuminye. Alikipanga kile kiungo kinachounganisha shafti mbili ili usukani usiwe mzito mahali fulani na mwepesi pengine. Fito ilibidi ilale sambamba na mhimili, kwani ikiinama, kila gurudumu lirukapo shimo gari lenyewe hujipinda. Mipira ya oili aliifunga mbali na mahali pa kusuguana, akaliinua gurudumu moja hadi mwisho wa springi zake kuhakikisha. Hakuchomelea mkono, wala fito, wala ncha yoyote inayobeba amri ya dereva. Kanuni ya mwaka 1982 haikubadilika kwa sababu ya kuja kwa Toyota.

Alipomaliza, alifanya jambo ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote. Alichukua daftari la shule, akaandika kwa mkono wake: sanduku limetoka gari la aina gani, mkono gari gani, sili za namba gani, bolti za unene gani, na bamba limewekwa wapi. Akaliweka chini ya kiti cha dereva. Nikamuuliza sababu. Akasema, "Mwalimu, mimi nitakufa. Atakayelifungua baada yangu asije akadhani hii ni Land Rover akaagiza cha Land Rover."

Kuna watu waliokuwa wakiyacheka magari ya namna hiyo. Waliyaita machotara, wakasema hayana kabila. Wanafalsafa wa Kiyunani nao walisumbuka na swali la jamaa yake. Plutarch aeleza kwamba Waathene walikihifadhi chombo cha shujaa Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, hadi wenye akili wakabishana kama bado ni chombo kilekile. Swali zuri kwa watu wanaokitazama chombo gatini. Kwa mtu aliye ndani yake, na maji chini, au mteremko mbele, swali ni jingine: je, kila ubao umewekwa na mtu aliyejua kazi ya ubao huo, na je, amesema kweli juu yake?

Nadhani hapo ndipo penye mpaka, nao si mpaka kati ya kitu cha asili na kitu cha kuazima. Kuazima si aibu. Lugha yetu imeazima, mashamba yetu yameazima, na neno usukani lenyewe ni la kuazima. Mpaka uko kati ya kuazima na kudanganya. Yule mkono wenye ufa ulikuwa wa asili kabisa, umetoka kiwandani na gari lake, na ndio ambao ungetuua. Sanduku la Toyota lilikuwa geni kabisa, nalo lilimpeleka baba mdogo Kayanga na kumrudisha hadi alipoacha kuendesha kwa uzee.

Leo Karagwe imebadilika. Kyerwa imekuwa wilaya yake tangu 2012, lami imefika kutoka Kyaka, na vijana wananunua magari yaliyotumika Japani kabla hata hayajapakiwa melini. Usukani wa mengi kati ya hayo husaidiwa na mota ya umeme, wala hauna oili. Shida ya vipuri imegeuka uso: zamani havikuwapo, leo vipo tele, katika maboksi mazuri yenye majina makubwa, na baadhi ni bandia. Ncha ya fito iliyotengenezwa kwa chuma kibaya na kuandikwa jina la kampuni nzuri ni ufa uliopakwa rangi. Mzoga wa nyuma ya zizi haukuwahi kumdanganya mtu. Ulisema wazi kwamba umekufa, ukaacha fundi achague kilichobaki hai.

Kwa hiyo nikiulizwa na vijana wanaojifunza kazi hii ni nini cha kuchukua kutoka kwa wazee wale, siwaambii warudi kwenye majalada ya daftari na mifuko ya saruji. Umaskini ule hatuuhitaji tena. Nawaambia wachukue mafuta ya taa na chokaa, na wachukue kalamu.